Kilo Tano za Barafu

Ndani ya mfuniko wa sanduku langu la vifaa pameandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito: 1.73. Niliandikiwa na msimamizi wangu wa kwanza, enzi hizo nikiwa mbebaji tu katika kampuni ya kujenga vyumba vya baridi. Alinikuta nimeikodolea macho karatasi ya kiwandani, akaniambia, "Usihangaike nayo. Namba ya kwenye karatasi izidishe kwa hii, utapata wanayoitaka ofisini." Akastaafu bila kunieleza zaidi, na mimi sikuuliza. Niliacha shule darasa la sita. Mtu akikupa ufunguo na mlango ukafunguka, huulizi aliyeuchonga ni nani.

Chumba cha baridi ni chumba cha kawaida kilichovalishwa bodi za povu gumu ili joto la nje lisipenye. Kila shehena ya bodi huja na karatasi inayosema bodi inapitisha joto kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, bodi ni nzuri. Tabu ni kwamba viwanda vingine bado vinaandika kwa vipimo vya zamani, vya futi, inchi na Farenhaiti, na wateja wanataka wati kwa mita. Hapo ndipo 1.73 ilipofanya kazi yake. Kwa miaka ishirini na miwili nilisoma karatasi, nikazidisha, nikatangaza jibu kwa sauti: sufuri nukta sufuri mbili mbili. Vibarua wakanibandika jina la Fundi Nukta. Nilijifanya linaniudhi.

Mwaka huu hospitali ilinipa kazi ya kujenga chumba cha chanjo. Mwenye chumba ni mfamasia mkuu, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Stoo. Masharti yake yalikuwa mepesi kuelewa: bodi za unene wa inchi nne, na namba yake isizidi sufuri nukta sufuri mbili tano. Fundi ndiye anayekagua bodi na kujaza fomu. Zikikataliwa kwa ubovu, aliyezileta anafutwa kwenye orodha ya wauzaji, na orodha hiyo inasomwa na hospitali zote.

Kiwanda tulichokizoea kilikuwa kimefungwa. Aliyepata zabuni ya kuleta bodi kutoka kiwanda kingine ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Miaka yote alikuwa akiuza magodoro. Alipotuambia kwamba sasa anaingia kwenye vifaa vya ujenzi, mimi nilicheka peke yangu, wengine walimpongeza. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza na hospitali.

Bodi zilifika Jumatano asubuhi. Lori likaingia uwanja wa nyuma, dereva akashusha ubavu, na watu wakasogea kama kawaida ya watu wakiona mzigo: vibarua wangu wanne, mlinzi wa geti, wafua mashuka wawili, na Mama Stoo na fomu yake. Shemeji alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana.

"Shemeji, mzigo huo," akasema. "Kagua taratibu, zisije zikakuchubua."

"Nitakagua. Godoro nalijua nikiliona."

Watu wakacheka, naye akacheka. Mtu na shemeji yake wanataniana, hapakuwa na ubaya. Nikachukua karatasi. Namba ilikuwa 0.16. Nikaingiza kwenye simu, nikazidisha kwa 1.73. Nikaitazama simu, nikazidisha tena. Sufuri nukta mbili saba.

Hiyo si bodi ya baridi. Mbao tupu ina nafuu kuliko hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo nililijua siku ile ile. Nilipokuwa nazidisha, mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya bodi. Bodi mbovu ukiishika inakunyonya joto, kiganja kinaisikia. Hii haikuninyonya. Ilikuwa nyepesi, kavu, vijitundu vyake vidogo kama vya mkate uliookwa vizuri. Mkono uliniambia bodi ni nzuri, nami nikaunyamazisha. Mikono kila kibarua anayo. Namba ilikuwa yangu mwenyewe.

"Sufuri nukta mbili saba," nikatangaza. "Inatakiwa sufuri nukta sufuri mbili tano. Imezidi mara kumi na moja."

Shemeji akakunja uso. "Haiwezekani. Kiwanda kinauzia meli."

"Labda meli za magodoro."

"Shika bodi kwa mkono, shemeji. Wewe ni fundi."

"Mkono hauna nukta," nikasema. "Umezoea kuwauzia watu sponji wakalalie, wakiamka mgongo unauma na wewe umeshaondoka. Hapa ni chanjo za watoto. Wizi wa aina hiyo upeleke kwingine."

Neno wizi lilitoka. Sikulipanga, lakini sikulirudisha pia. Dereva akapiga mluzi mdogo. Shemeji akarudi nyuma hatua moja. Alilitazama lori, halafu akaanza kukunja mikono ya lile shati jipya, taratibu, kama mtu anayetafuta cha kufanya. Nikajaza fomu: zimekataliwa. Nikatia sahihi.

Mama Stoo akaisoma. "Zishusheni zikae hapa uwanjani. Mwenye mzigo ana siku mbili za kujibu," akasema. "Ijumaa saa sita mchana nami nitatia sahihi, lori lirudi na mzigo wake."

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari. Aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu, hakula.

"Baba Watoto, ulimwita kaka yangu mwizi?"

"Nilisema bodi ni mbovu."

"Sikuuliza habari za bodi."

"Lilinitoka."

"Lilikutoka wapi?"

"Uwanjani."

"Mbele ya watu?"

Nikachovya tonge kwenye mchuzi. Akainuka, akachukua bakuli la mchuzi kabla sijamaliza. "Kama ni mwizi kweli, basi mwizi. Ila kama si mwizi, usije ukamwomba radhi hapa jikoni kwangu. Ulikomwagia ndiko ukazolee."

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nikasikia toroli inasukumwa nje ya karakana yangu, nyuma ya nyumba. Alikuwa Shemeji. Juu ya toroli kulikuwa na sanduku alilolitengeneza kwa bodi zake, gundi bado inanuka, na gunia linalovuja maji. Hakunisalimia, na mimi sikumdai salamu.

"Una mabaki ya zile bodi zako za zamani?" akauliza.

"Ninayo."

"Tengeneza sanduku kama hili. Unene inchi nne, ndani futi moja kila upande. Chini toboa tundu, pachika mrija, maji yatoke. Humu kilo tano za barafu, humo kilo tano. Kesho asubuhi tupime kilichobaki."

"Kesho ya nini? Kwa namba yako barafu itakuwa maji kabla ya alasiri."

"Basi utapata ya kunawia uso."

Nilikubali kwa sababu nilitaka kumwaibisha mara ya pili, nisijisafishe hapo. Ndani ya nusu saa sanduku langu lilikuwa tayari. Tukapima barafu kwa mizani yangu ya ndoano, kilo tano na kilo tano, tukafunika, tukaziba kingo kwa utepe. Shemeji akatia sahihi juu ya utepe wa sanduku langu, mimi nikatia juu ya utepe wa lake. Hatukuaminiana hata kidogo. Chini ya mrija wa sanduku langu nikaweka kopo. Chini ya mrija wa lake nikaweka ndoo ya lita kumi.

Akaitazama ndoo. "Unategemea mafuriko?"

"Nategemea hesabu."

Akaondoka na toroli yake.

Kila nikipita karakana nilitega sikio. Tone kwenye kopo, tone kwenye ndoo. Saa sita mchana nilichungulia kwenye ndoo nikaona chini pamelowa tu. Nikasema moyoni, barafu huanza polepole. Saa nane, pamelowa zaidi kidogo. Saa kumi nilikuja na kikombe cha kupimia nikayamimina maji ya kopo: karibu nusu lita. Nikayamimina ya ndoo. Karibu nusu lita.

Mke wangu alipita na nguo za kuanika. "Ndoo yangu unaifanyia nini?"

"Nakinga maji."

Akainama, akaangalia ndani, akaangalia mrija, akaniangalia mimi. "Kikombe kingetosha," akasema, akaendelea na nguo zake.

Nilikaa juu ya kigoda nikayatazama yale masanduku mawili. Kama bodi ya Shemeji ingekuwa mbovu mara kumi na moja, maji yake nayo yangezidi mara kumi na moja. Lita tano zote zingekuwa kwenye ndoo wakati huo. Karatasi ilisema hivi na barafu ilisema vile, na barafu haikuwa na sababu ya kunionea. Nilirudia kuzidisha mara nne. Simu ilinipa jibu lile lile mara nne. Hesabu haikuwa na kosa, na bado ilikuwa ya uongo, na mimi sikujua kosa linaweza kujificha wapi kwingine. Hapo ndipo nilipohisi ule udogo wa darasa la sita, ambao nilidhani nimeshauzika.

Ijumaa saa mbili kasoro Shemeji alikuja. Akakagua sahihi yake, mimi nikakagua yangu, tukakata utepe. Barafu ya sanduku langu: kilo tatu na gramu mia sita. Yake: kilo tatu na nusu.

Shemeji akatundika mizani ukutani. "Tofauti ya gramu mia," akasema. "Umeona?"

"Nimeona. Lakini karatasi..."

"Karatasi sikuiandika mimi, na hesabu sikuipiga mimi. Nilichokiweza nimekuletea kwenye gunia. Nakwenda uwanjani, dereva ameniambia wanaanza kupakia saa tano, saa sita aondoke." Alipofika mlangoni akageuka. "Ningekuwa mwizi, shemeji, ningekuletea karatasi nzuri na bodi mbovu. Nani anaiba kinyume?"

Nilifungua sanduku la vifaa, nikatafuta chini ya misumari na mikanda ya gundi mpaka nikapata karatasi moja ya kiwanda cha zamani, imelowa mafuta. Nikaiweka mfukoni pamoja na ile mpya, nikaenda hospitali kwa miguu. Njiani nilijipangia maneno. Yote yalikuwa mabaya.

Ofisi ya Mama Stoo ni chumba chembamba chenye rafu hadi darini, na fomu yangu ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha kalamu. Nikamweleza habari ya barafu na ya ile 1.73 yangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanyoosha mkono. "Nipe karatasi zote mbili."

Akazilaza sambamba, akavua miwani, akainama mpaka pua ikakaribia meza. Hakuangalia namba. Aliangalia zile herufi ndogo zinazofuata namba, ambazo mimi kwa miaka ishirini na miwili nilizichukulia kama mapambo.

"Fundi, huwa unasoma hapa?"

"Hapana. Huwa nasoma namba."

"Mimi nikisoma namba peke yake nitaua mtu. Namba bila kizio chake, yaani kipimo kilichotumika, ni nusu ya habari." Akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi ya zamani. "Hii imepima joto linalopita kwenye unene wa futi moja. Sufuri nukta sufuri moja tatu." Akahamisha kalamu. "Hii mpya, ona, pana inchi hapa. Imepima unene wa inchi moja. Sufuri nukta moja sita. Joto linapenya wapi kwa urahisi, kwenye futi nzima ya povu au kwenye inchi moja?"

"Kwenye inchi."

"Kwa hiyo namba ya inchi lazima iwe kubwa. Kubwa mara ngapi?"

Hakuhitaji kuniambia. Mkono ulishaingia mfukoni, umeishika futi yangu ya kupimia, ile ya chuma inayojikunja. Niliivuta kidogo tu. Inchi kumi na mbili, kisha alama nyekundu ya futi. Nimeitazama alama ile kila siku ya maisha yangu ya kazi.

"Kumi na mbili," nikasema.

"Basi hiyo moja nukta saba tatu yako ni ya futi. Igawe kwa kumi na mbili."

Nikagawa. Sufuri nukta moja nne nne. Nikazidisha kwa sufuri nukta moja sita. Safari hii sikutangaza, nilimgeuzia simu asome mwenyewe. Sufuri nukta sufuri mbili tatu. Bodi za Shemeji zilikuwa ndani ya masharti tangu zilipotoka kiwandani. Zilikuwa sawasawa na zangu nilizojivunia miaka yote.

Mama Stoo akavaa miwani. "Bodi nyingine ulizowahi kuzikataa, ni ngapi?"

"Si nyingi. Karibu zote zilitoka kiwanda kile kimoja."

"Sikuuliza kama ni nyingi."

Nikamwambia. Alikuwa muuzaji mmoja, miaka sita iliyopita, mzee mwenye lori la kijani. Tulikuwa tunajenga chumba cha maziwa. Nilisoma karatasi yake, nikazidisha, nikamwambia arudishe takataka zake. Alisema maneno yale yale: shika kwa mkono. Herufi za karatasi yake sikuziangalia. Sasa nilikuwa na hakika zilikuwa na inchi.

Mama Stoo akachukua fomu yangu, akaichana vipande vinne, akavitia kwenye pipa. "Jaza nyingine. Nitasema karatasi ya kwanza haikusomeka vizuri. Hakuna haja ya maneno mengi, nataka chumba changu."

Nilitaka kukubali, nisifiche. Shemeji angebaki kwenye orodha, bodi zingebaki, na Fundi Nukta angebaki Fundi Nukta. Nilijaza fomu mpya, nikasema ahsante, nikatoka kwenda uwanjani kusimamisha upakiaji.

Walikuwa wameshaanza. Vibarua wangu wenyewe ndio waliokuwa wanapakia. Wafua mashuka walikuwa pale pale na beseni zao. Shemeji alisimama pembeni, ameshika bodi moja iliyovunjika kona, na dereva alikuwa anampigia kelele kutoka juu ya lori.

"Haya, Bwana Magodoro, sogea. Unatukawiza. Au hata hiyo mbovu unataka kuiiba?"

Watu wakacheka. Lilikuwa neno langu, kwenye mdomo wa mtu mwingine, siku mbili tu baadaye, na lilikuwa halijachakaa hata kidogo. Fomu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaelewa kwamba fomu ingemrudisha Shemeji kwenye orodha tu. Hapo uwanjani isingemsaidia kitu.

"Shusheni," nikasema.

Kibarua mmoja akasimama na bodi kichwani. "Tushushe tena, Fundi?"

"Shusheni zote. Bodi ni nzima. Aliyekosea ni mimi."

Dereva akaweka mkono sikioni. Nadhani alisikia. "Nani?"

"Mimi. Karatasi ilikuwa ya inchi, nikaipigia hesabu ya futi. Nimezidisha ubovu mara kumi na mbili. Namba ya kweli ni sufuri nukta sufuri mbili tatu. Nilimwita mwizi mtu aliyeleta mzigo halali, na nililisema hapa, ndiyo maana nalifuta hapa."

Mmoja wa wafua mashuka akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona sana, "Kumbe Nukta naye anakosea." Mwenzake akasema, "Nukta ikihama kidogo tu, baba, umaskini."

Shemeji alikuwa bado ameshika ile bodi. "Sema tena ile ya mwisho," akasema.

"Ipi?"

"Ya mzigo halali. Mlinzi yuko mbali, hakusikia."

Nikamtazama, nione kama anatania. Ilikuwa nusu utani, nusu kweli. Nikageukia getini nikasema tena, kwa sauti ile ile niliyokuwa natangazia nukta. Mlinzi akainua mkono kuonyesha imefika.

Tulishusha hadi saa nane. Nilibeba na mimi, jambo ambalo sijafanya kwa miaka mingi, na kiuno kilinikumbusha. Shemeji alishika upande mmoja wa bodi, mimi mwingine, tukapishana mlangoni bila kusema lolote zaidi ya "inua" na "taratibu". Shati lake lilikuwa limejaa unga wa povu. Tulipomaliza alikaa juu ya sanduku langu la vifaa bila kuniomba, akaomba kalamu. Nikampa. Akainuka, akafungua mfuniko, akaandika 0.144 chini ya ile ya zamani. Pembeni ya namba ya juu akaandika futi, pembeni ya namba ya chini akaandika inchi. Mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu.

"Jumapili njoo nyumbani," nikamwambia. "Dada yako ananiangalia kama mpangaji."

"Nitafikiri," akasema. Sikumlaumu.

Dereva alikuwa anafunga ubavu wa lori tupu. Nikamfuata, nikamwuliza kama katika kuzunguka kwake amewahi kumfahamu mzee mmoja mwenye lori la kijani, aliyekuwa akileta bodi za povu miaka sita iliyopita.

"Namfahamu," akasema. "Bodi aliacha siku nyingi. Aliliuza lori. Ana genge la mkaa kule nyuma ya soko la mitumba."

Nikasimama pale na futi yangu ya chuma mkononi. Shemeji alikuwa amesikia. Alijipangusa suruali, akachukua ile bodi iliyovunjika kona, akaja akanikabidhi.

"Ukienda kumwomba radhi, namba zako hataziamini," akasema, "nenda na barafu."